Cash: neno lililozaliwa ndani ya kasha, na feza zisizoonekana

"Hakuna cash."

Kama umepita ku kibanda cha kutosha feza za simu hapa Uvira, iwe Mulongwe, Kavimvira ao Kalundu, maneno haya mawili umeisha kuyasikia. Feza zako ziko ku telefoni, unaziona, namba imeandikwa wazi, lakini kijana wa kibanda anakuambia urudi saa kumi, ao kesho, ao ujaribu ng'ambo ya barabara. Na kule ng'ambo utakuta mistari ya watu na jibu ni lilelile.

Msikilizaji wetu mmoja wa Kilibula alituandikia ujumbe baada ya kipindi cha asubuhi. Aliuliza mambo mawili kwa pamoja: cash ni Kifaransa ao ni Kingereza? Na kama feza za simu ni zangu, mbona haziitwi cash? Tulimjibu kwa kifupi hewani, lakini swali lake lilikuwa kubwa kuliko dakika mbili tulizompa. Ndiyo sababu ya andiko hili.

Cash ni neno la Kingereza. Waingereza wenyewe walilipata mwishoni mwa miaka ya 1500 kutoka kwa Wafaransa na Waitalia: Wafaransa walisema caisse, Waitalia cassa. Na maana yake ya kwanza haikuwa feza. Ilikuwa sanduku, lile sanduku ambamo mfanyabiashara anaweka feza zake na kulifunga. Kwa Waingereza wa zamani, kusema kitu kiko katika cash ilikuwa kusema kiko ndani ya sanduku. Polepole neno likatoka ku sanduku likaingia ku kile kilichomo ndani, mpaka sanduku likasahauliwa kabisa. Nyuma ya Wafaransa na Waitalia iko Kilatini: capsa, sanduku, neno lililotokana na kitenzi cha kushika. Dawa tunayoita kapsuli nayo ni mtoto wa nyumba hiyohiyo, maana yake kisanduku kidogo.

Sasa hapa ndipo jambo linakuwa letu. Wareno nao walikuwa na neno lao kutoka Kilatini kile, caixa. Walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakakaa karibu miaka mia mbili, na walipoondoka waliacha maneno ambayo tunayatumia bila kufikiri: meza, bendera, gereza, leso. Na kasha. Kasha letu la Kiswahili, lile ambalo nyanya aliweka vitenge na barua, ni ndugu wa cash. Baba mmoja, watoto wamelelewa nyumba tofauti. Ukienda ku "caisse" kulipa masomo ya mtoto, ukasema "kesi", ni ndugu wa tatu. (Angalisho kwa wale wanaosafiri Kigoma: ukimwambia Mtanzania kwamba una kesi siku ya posho, atakuuliza ni mahakama gani.)

Iko hata cash nyingine ambayo si ya sanduku. Waingereza walipofika Asia walikuta vipande vidogo vya feza vya shaba, vile vya China vyenye tundu katikati, wakaviita pia cash. Lakini hiyo ilitoka ku neno la Kitamil, kasu, likapitia kwa Wareno, na maneno mawili yakakutana yakafanana kama mapacha wasio na damu moja. Kipande kimoja cha namna hiyo, cha enzi ya mfalme Yongle wa China, kilichimbuliwa Mambrui, pwani ya Kenya, mwaka 2010. Kwa hiyo cash ilifika Afrika Mashariki mbele ya Waingereza, tena mbele ya Wareno. Hiyo ni kwa wale wanaopenda mambo ya zamani, tuendelee.

Kila neno la feza tulilo nalo limekuja na mwenyewe. Feza, ao fedha kama wanavyoandika upande wa pili wa ziwa, ni Kiarabu, maana yake ile madini nyeupe. Pesa imetoka India. Hela wanayosema Tanzania ni Heller ya Wajerumani. Makuta yetu yametoka magharibi ya nchi, Kikongo, yakawa feza za serikali mwaka 1967, wakati zaire moja ilikuwa makuta mia moja. Zaire ilikufa, makuta yalibakia mdomoni. Ukisikia mtu wa Uvira anasema "sina makuta", ujue anataja feza ambayo mtoto wake hajawahi kuiona. Taslimu, neno ambalo redio za Tanzania zinatumia kwa cash, ni Kiarabu pia, kutoa kitu mkononi. Huku kwetu halikushika. Sisi tulichukua cash, tukaiingiza hata ku mambo ya ukweli: "nilimwambia cash" ni kusema nilimwambia bila kuficha, uso kwa uso.

Na mbele ya hayo yote, kulikuwa nini ku ziwa hili? Kulikuwa shanga. Burton na Speke walifika Uvira mwezi wa nne mwaka 1858, wakakuta mahali pa biashara. Mwingereza mwingine, Cameron, aliyepita Ujiji mwaka 1874, aliandika juu ya soko lililotumia shanga zilizoitwa sofi, zinafanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Asubuhi, anasema, kulikuwa wanaume wenye mifuko ya sofi ambao walibadilishana na watu waliokuja na shanga za namna nyingine, ili waweze kununua. Jioni soko likiisha, walewale walirudisha sofi zao, na walipata faida mara mbili, kuingia na kutoka. Nilisoma hayo nikacheka peke yangu. Wakambiste wetu wa Mulongwe, wenye kukaa na mabunda juu ya meza ndogo, wako na wazee wa kazi wa karibu miaka mia moja na hamsini.

Turudi leo. Kwa nini cash imepungua?

Tukumbuke kwanza kwamba mshahara wa serikali haukuwa ku banki siku zote. Mpaka mwaka 2011 feza za walimu, waaskari na wauguzi zilisafiri katika makasha na mifuko, na mhasibu alizihesabu ku meza. Kila mkono ambamo zilipitia zilipungua kidogo. Ndipo serikali ikaanza kulipa kupitia banki, na katika vijiji visivyokuwa na banki ikatumia njia zingine kama Caritas. Malalamiko hayakukosa, lakini jambo moja lilikuwa zuri: jina lako, feza yako. Tulitoka ku kasha tukaenda ku namba.

Namba inahitaji banki wazi, na banki inahitaji ndege ao gari lenye kuleta noti. Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Banki Kuu ya Kongo ilifunga ofisi zake kule, banki za biashara zikafunga milango. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikasimama. Kwa usiku mmoja, mtu aliyekuwa na dola 3.000 ku akaunti akawa maskini mwenye karatasi. Mshahara uliendelea kuingia kwa wengine, ujumbe wa simu ulilia, lakini mahali pa kuutosha hapakuwa. Watu wa Goma walivuka Gisenyi, wa Bukavu wakavuka Rusizi, kutafuta mahali ambapo karata ya banki inafanya kazi. Mwezi wa nne AFC/M23 ilifungua tena CADECO kule Goma, ile nyumba ya akiba ya serikali. Angalia jina lake: herufi mbili za kwanza ni za "caisse". Kasha lilifunguliwa, lakini kasha lisiloletewa noti ni mbao tupu, na hilo halikumaliza shida.

Jambo lingine lilitokea ambalo watu wengi walishangaa. Katika miji ile, dola ilishuka mbele ya franga. Si kwa sababu franga ilipata nguvu. Ni kwa sababu franga haikuonekana. Mwenye dola mia alitafuta franga za kununua unga, akakuta mwenye franga ndiye anapanga bei. Na franga zilizobakia zilizeeka mikononi: noti za mia tano zenye kutobokatoboka, zimebandikwa na skoch, muuza mboga anazikataa, dereva wa moto anazikataa, mwisho zinakuwa matope. Kwa kawaida Banki Kuu inakusanya noti zilizochakaa na kutoa mpya. Banki ikifungwa, noti haina pa kuzikiwa.

Uvira wakati huo ilikuwa upande mwingine. Serikali ya jimbo ilihamia hapa, wafanyakazi wa serikali walikuja, na waliokimbia walikuja. Tulikuwa mji wenye banki wazi, lakini tulihudumia watu wengi kuliko feza zilizoletwa. Barabara ya Bukavu ilikatika ku mapambano ya uwanda wa Ruzizi, kwa hiyo biashara yetu ilielekea Bujumbura na ku ziwa, Baraka, Kalemie, Kigoma. Mwisho wa mwaka franga ilipanda nguvu nchi nzima: dola iliyokuwa juu ya 2.800 ilishuka chini ya 2.500. Kinshasa walishangilia. Hapa sokoni mama aliyeweka akiba yake kwa dola aliuliza kwa nini dola yake inanunua kidogo na bei ya mafuta ya mawese haishuki. Swali lile bado liko mezani.

Kisha ilikuja tarehe 10 Desemba 2025, siku sita tu baada ya maraisi kusaini makubaliano kule Washington. AFC/M23 iliingia Uvira. Makumi ya maelfu walivuka kwenda Burundi, wengine walipanda mitumbwi, wengine walifunga milango wakabakia. Katikati ya Januari walitoka, jeshi na Wazalendo wakarudi, na nyumba nyingi na maduka viliporwa katika siku zile za kupishana. Sitarudia habari ambazo kila familia inazijua vizuri kuliko mimi. Ninataka tu tutazame jambo moja: siku ile ya kukimbia, feza ilikuwa ni kile kilichokuwa mkononi. Aliyekuwa na milioni ku simu na simu ikazimika, alikuwa hana nauli ya moto mpaka mpakani. Aliyekuwa na dola ishirini ndani ya kitenge, alifika. Lakini pia aliyekuwa na cash nyingi nyumbani aliikuta imechukuliwa, na aliyekuwa na feza ku simu aliikuta salama, siku mtandao ulirudi. Kwa hiyo wanaosema "cash ni bora" na wanaosema "simu ni bora" wote wawili wako na ushahidi.

Wakaaji wa huku hawana sababu ya kuamini karatasi kwa macho yaliyofungwa. Wazee wanakumbuka tarehe 25 Desemba 1979, siku ya Noeli, Mobutu alipofuta noti za zaire tano na kumi, mipaka ikafungwa, watu wakapewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Akiba ya vijijini, mbali na banki, ilikuwa takataka kabla ya mwaka mpya. Mwaka 1993 ilikuja zaire mpya: moja kwa milioni tatu za zamani. Mwaka 1998 franga ilirudi, moja kwa zaire mpya 100.000. Na hata kwa jirani: tarehe 7 Juni 2023 Banki ya Burundi ilitangaza kufuta noti za franga 5.000 na 10.000 na ikatoa siku kumi. Uvira iko na franga za Burundi mfukoni kila siku, kwa ajili ya soko la Gatumba na Bujumbura. Siku zile kumi zilikuwa fupi sana kwa mtu ambaye anapaswa kuvuka mpaka na kujieleza mabunda yale ameyatoa wapi.

Ndiyo maana watu wanapenda dola. Lakini dola ya huku ni mgonjwa wa hospitali: ikiwa na kitone, mkunjo mkubwa, ao mpasuko wa milimita moja, inakataliwa ao inapunguzwa bei. Noti ya dola moja wengi hawaitaki kabisa. Kule Marekani, inakotoka, mtu atakulipia mkate na noti iliyopasuka na hakuna atakayemtazama. Sisi ndio tumeiwekea sheria kali kuliko wenyewe, na sheria hii haikuandikwa na mtu yeyote. Kwa maoni yangu ni wizi mdogo wa kila siku, na unawala zaidi wale wasiojua mahali pa kulalamika.

Iko maana nyingine ya cash ambayo ilikuja na mashirika. Baada ya mafuriko ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, wakati Mulongwe ilipasua kingo na kubeba nyumba na watu, wakaaji wa Uvira walizoea neno hili kwa namna mpya. "Cash imefika?" maana yake, je, shirika limeanza kugawa feza kwa waliopoteza nyumba? "Nilikosa cash" si kusema sina feza, ni kusema jina langu halikuonekana ku liste. Katika site za wakimbizi wa ndani, mtu "anaandikwa ku cash" kama vile mtoto anaandikwa ku masomo.

Wazo lenyewe lilikubaliwa na wafadhili na mashirika makubwa kule Istanbul mwezi wa tano 2016: badala ya kuleta kila mara unga na maharagwe kutoka mbali, tumpe mtu feza anunue mwenyewe, kwa sababu yeye anajua anachokosa. Ni wazo la heshima. Mama aliyepewa feza anaweza kulipa mauguzi, ao mabati, ao ndagala za kuanzisha biashara. Lakini cash ya namna hii inapita palepale ambapo cash zingine zinapita: ku simu, ku kibanda, ku kijana mwenye kusema urudi kesho. Soko likikosa noti, msaada unabakia namba. Na mwaka 2025 chemchemi yenyewe ilipungua: Marekani, ambayo mwaka 2024 ilibeba karibu asilimia 70 ya msaada wa dharura wa Kongo, ilisimamisha na kisha kukata sehemu kubwa. Kuna watu walioandikwa ku liste wakati huo na mpaka sasa wanauliza kama ile cash itafika. Jibu la kweli kwa wengi wao ni hapana, na ingefaa mashirika yaseme hivyo wazi, yaseme cash.

Sasa nirudi ku kasha.

Katika kartie zetu karibu zote ziko AVEC, vile vikundi vya akiba na mkopo. Mfano wake ulianzia Maradi, nchi ya Niger, mwaka 1991, na wanawake wa vijijini pamoja na shirika la CARE. Ukienda ku mkutano wao utakuta sanduku la chuma katikati, kufuli tatu, na funguo tatu kwa wanawake watatu ambao hawalali nyumba moja. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, hata anayelitunza. Feza zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote, kila juma. Mwisho wa mwaka wanagawana. Hii ndiyo cash katika maana yake ya miaka ya 1500, sanduku na kilichomo, na watu wanaotazamana.

Kundi moja la wauza ndagala ninalolifahamu, upande wa Kasenga, lilipaswa kugawana juma la pili la mwezi wa kumi na mbili. Wanawake ishirini na wawili, mwaka mzima. Tarehe 10 iliwakuta sanduku limefungwa. Mwenye funguo ya kwanza alivuka Gatumba na watoto. Wa pili alipanda mtumbwi kuelekea kusini. Wa tatu alibakia mjini, na aliyetunza sanduku alilichimbia nyuma ya jikoni, akaweka juu yake rundo la makaa.

Walionana tena wote mwezi wa pili. Sanduku lilikuwa palepale. Kufuli mbili zilifunguka, ya tatu walipaswa kuivunja sababu funguo ilipotelea ku kambi. Feza zilikuwa kamili, lakini maji yalikuwa yameingia: franga zilishikana, wakazianika juani juu ya turubai kama ndagala, na dola kumi na nne zilikuwa na madoa ambayo wakambiste waliyakataa. Waligawana hasara ya zile dola sawasawa.

Posho iliyopita niliwakuta wakibishana. Vijana wanataka mwaka huu akiba iwekwe ku simu, na namba ya siri igawanywe vipande vitatu kwa watu watatu. Wazee wanataka kasha jipya, lisiloingiza maji. Mtunza sanduku alisema yeye hataki tena kulala na feza za watu nyuma ya jikoni, hata kama kasha ni la aina gani. Mkutano uliisha bila kuafikiana, wakakubaliana kwanza kulipa deni la kufuli iliyovunjwa.